Herufi Zilizonyooka

Baba alitoza kwa herufi.
Hefsiba, saba. Ketura, sita.
Wafiwa wa Nebo walihesabu kwa vidole
kabla ya kutoa pochi,
na kuna mjane mmoja, mumewe Nebukadreza,
aliyeomba punguzo.

Usicheke. Huku kaskazini ya Welisi
kila mlango Jones, kila mlango Williams;
mpeleka barua angerukwa na akili
kama si Agano la Kale.
Walipokwisha Yohana wakamfuata Yoeli,
walipokwisha Yoeli wakashuka hadi Yabesi,
ambaye mama yake, Maandiko yasema, alimzaa kwa huzuni.
Yabesi wetu alikuwa na baiskeli,
na akicheka nyumba tatu zilisikia.
Hata vijiji vilibatizwa.
Karmeli kuna duka la samaki wa kukaanga.
Nebo kuna kituo cha basi, na mvua,
na hakuna aliyewahi kuiona nchi ya ahadi kutoka pale,
labda machimbo.

Shangazi Kezia aliondoka na jina lake mwaka hamsini na nane
akafika Liverpool hana.
Kwenye kaunta ya soksi za nailoni wakamwuliza, Nani wewe?
Akajibu, Sandra.
Kezia lilinuka kafuri, aliniambia,
benchi gumu, Jumapili isiyokwisha,
gauni jeusi la bibi lililofunika visigino.
Sandra alivionyesha vyake.

Mimi nilipozaliwa, Biblia ilikuwa imeshatoka sokoni.
Wazazi walichota majina mitoni na katika hadithi za kale:
darasani Heledd wawili, Dylan watatu,
na kijana mmoja, Obadia, tuliyemwita Babu
mpaka akahama shule.
Ninasema tuliyemwita.
Mimi ndiye niliyeanza.

Sasa, Jumanne iliyopita, wakaingia karakanani
mume na mke wa kutoka Cardiff,
mtoto kifuani amefungwa kama mzigo wa thamani.
Wanataka kibao cha sleti, mlango wa chumba chake.
Jina?
Kezia, wakasema, wakatazamana
kama watu waliookota pete mchangani.
Halina mwenyewe, mama mtu akaongeza.
Ni jipya kabisa.

Sikusema neno. Niliandika K, niliandika E,
nikawapa bei.

Jioni nikapiga simu Liverpool.
Shangazi ana miaka themanini na sita.
Kimya; kisha televisheni ikapunguzwa sauti.
Wanajua ni binti wa Ayubu? Wa pili,
aliyezaliwa baada ya hasara zote?
Sidhani.
Wanajua ni gome la kunukia, ndugu wa mdalasini?
Wanasema lina mlio mzuri.
Akacheka, au alikohoa.
Waambie, akasema, lina mwenyewe,
ila halitumii.

Sleti haipendi mikunjo.
S huteleza, D hutaka subira,
R nimeivunjia patasi mbili za marehemu baba.
Miaka yote nimejua siku moja nitaandikiwa kazi hiyo,
SANDRA, na nimekuwa nikiiogopa, Mungu anisamehe,
kwa sababu ya mkono tu.

K, E, Z, I, A: mistari mitupu.
Hakuna pa kujificha, hakuna kona ya kuzunguka,
chuma hushuka chenyewe, tii, tii, tii,
vumbi la buluu likikaa kwenye nyusi zangu.
Nilimaliza kabla ya chai kupoa.
Mkono ulikuwa bado umechangamka.
Nikavuta jiwe jingine, kubwa zaidi,
nikalichonga tena.

Kibao kidogo kina tundu la msumari;
watakuja kukichukua Ijumaa.
Kikubwa nimekiegemeza ukutani, uso ndani,
nyuma ya magunia ya mchanga.
Hajaniagiza. Sijamwambia.
Chini ya jina nimeacha nafasi,
na sijui bado kama ni ya tarehe
au ya lile jina jingine, lenye mikunjo.